Mkandarasi amezima simu, na mishahara ya wiki tano iko kwake

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi nondo. Tulikuwa watu wanane, mafundi wanne na wasaidizi wanne, kwenye jengo la ghorofa tatu la mtu binafsi hapa Dodoma. Mkandarasi alitoka Dar. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: fundi 30,000 kwa siku, msaidizi 15,000, malipo kila Jumamosi. Wiki sita za mwanzo alilipa vizuri kwa M-Pesa, mimi nikipokea na kuwagawia wenzangu. Baada ya hapo tukafanya wiki tano, siku sita kila wiki, bila kulipwa. Katikati alituma 300,000 akasema ni ya kula, mwenye jengo hajatoa hela. Tulipomaliza kumwaga slabu ya pili tukaambiwa tupumzike siku tatu. Leo Jumanne ni siku ya 38 tangu Jumamosi ya mwisho. Simu haipatikani, foremani amebadilisha namba, chumba alichofanya ofisi kimefungwa. Polisi wamesema hayo ni madai, si jinai. Mwenzetu mmoja anataka tukachukue mashine ya zege, bado iko saiti na mlinzi. Mwingine anasema bodi ya makandarasi itatulipa. Mkataba wa maandishi hatuna, na wenzetu watatu wamesharudi Singida. Tutamshtaki vipi mtu ambaye hatujui alipo?"

Ndugu yangu, poleni sana. Tuweke hesabu mezani kwanza, maana kila ofisi mtakayoingia itaanza kuuliza shilingi ngapi. Wiki tano za siku sita ni siku 30. Kila fundi anadai 900,000 na kila msaidizi 450,000, kwa hiyo mafundi wanne ni 3,600,000 na wasaidizi wanne ni 1,800,000, jumla 5,400,000. Toa ile 300,000 ya kula, linabaki deni la 5,100,000. Msijaribu kuificha hiyo 300,000. Ni ushahidi wenu mzuri kuliko yote, na nitaeleza sababu.

Unaumia kwa kuwa mtu haonekani. Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni kalenda. Madai ya mishahara kwa Tanzania Bara hufunguliwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA, na kanuni zake za mwaka 2007 zinatoa siku 60 tu tangu mgogoro ulipoanza. Mafundi wengi hawapotezi kesi kwa kukosa haki. Wanaipoteza kwa kumsubiri bosi aliyesema "wiki ijayo" mara nane. Kwenye hesabu yako, Jumamosi ya kwanza isiyolipwa ilikuwa siku 66 zilizopita, na ya pili imefika siku ya 59. Mnaweza kujenga hoja kwamba mgogoro ulianza pale alipokata mawasiliano, siyo Jumamosi ya kwanza aliyochelewesha, na hoja hiyo ina mantiki kwa sababu alikuwa akiahidi na akatuma hata kiasi kidogo. Lakini msilaze deni lote juu ya hoja moja. Fungueni madai wiki hii kwa Fomu Na. 1 ya Tume, na kwa zile wiki ambazo hesabu kali inaziweka nje ya muda, ambatisheni Fomu Na. 2, ile ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, pamoja na kiapo. Kwenye kiapo Tume hutazama mmechelewa kwa siku ngapi, kwa nini, madai yana nguvu kiasi gani, na mkandarasi ataumia vipi akifunguliwa kesi sasa. Siku sita zenye maelezo na tarehe zinaeleweka. Miezi sita yenye maneno "tulikuwa tunamsubiri" haieleweki.

Kwenda polisi, kwa Afisa Kazi, kwa mwenyekiti wa mtaa au kwenye bodi hakusimamishi hizo siku 60. Zinaendelea kuhesabika huku mnazungushwa.

Sasa tuje kwa huyo asiyeonekana. Ili kumshtaki hamhitaji kumkamata shati. Mnahitaji jina lake kamili la kisheria, anwani ambayo nyaraka zikifikishwa sheria itahesabu kuwa zimemfikia, na kujua fedha au mali yake iko wapi. Mtu anaweza kuzima simu ya fundi, lakini hawezi kuzima simu ya mwenye jengo ambaye bado hajammalizia hela zake. Vivyo hivyo hawezi kufuta jina la kampuni yake kwenye daftari la serikali na bado akaomba tenda nyingine. Amejificha kwenu. Kwenye njia ya fedha zake bado yumo.

Anzeni na bango la mradi pale saiti. Mara nyingi linaonyesha mwenye jengo, mshauri, mkandarasi na namba ya kibali cha ujenzi. Lipigeni picha leo, kwa sababu mabango huwa yanapotea. Kama hakuna bango, jengo la ghorofa mjini linapaswa kuwa na kibali cha Jiji la Dodoma, na ofisi za ujenzi za Jiji ni mahali pa kuuliza. Mkishapata jina, litafuteni kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, mwone kama amesajiliwa na yuko daraja gani. Kisha nendeni kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Kwa ada, BRELA hutoa taarifa ya kampuni yenye ofisi iliyosajiliwa, sanduku la posta, wakurugenzi na wanahisa. Kama siyo kampuni bali jina la biashara, mtapata jina la mtu mwenyewe nyuma yake. Shika pia namba iliyowatumia hela. Ujumbe wa M-Pesa una jina la aliyetuma. Hata laini ikiwa imezimwa, ukianza kama unaitumia 1,000, jina lililosajiliwa hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Liandike, kisha ghairi.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Jina la kwenye M-Pesa linaweza kuwa la foremani, jina la kwenye bango ni la kampuni, na yule mliyekuwa mkimwita bosi ni mtu wa tatu. Kuna watu wanaazima usajili wa kampuni ya mwingine ili wapate kazi, na ikifika kulipa kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Msichague kwa kubahatisha. Andikeni kampuni ya kwenye bango kama mlalamikiwa wa kwanza na yule aliyewaajiri na kuwalipa kama wa pili, kwa majina yao kamili yalivyo kwenye usajili. Mkishinda dhidi ya "Bosi Juma Construction" wakati kampuni inaitwa kitu kingine, mtapata karatasi nzuri ya kutundika ukutani. Dalali wa mahakama hatakamata mali kwa jina la utani.

Kuhusu mkataba wa maandishi, ondoa hofu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti mnayoyadai unakuwa wake. Mkisema ni 30,000 kwa siku na yeye anasema 20,000, alete karatasi. Ila msielewe vibaya: bado ni kazi yenu kuonyesha kwamba mlimfanyia yeye kazi, siku hizo. Hapo ndipo ile M-Pesa inapokuja. Malipo sita ya kila Jumamosi yanaonyesha uhusiano, kiwango na siku ya malipo. Ile 300,000 inaonyesha kwamba alijua kuna deni, hasa kama kuna ujumbe wa WhatsApp unaosema ni ya kula na hela haijatoka. Ombeni taarifa ya miamala ya miezi hiyo kutoka kwa kampuni ya simu, iwe na muhuri. Ujumbe wa WhatsApp upigeni chapa, lakini simu yenyewe msiiuze wala kuifuta chochote, kwa kuwa Tume inaweza kutaka kuuona pale ulipo. Ongezeni picha za saiti zenye tarehe, kitabu cha mlinzi cha kuingia na kutoka, hati za kupokelea nondo ambazo mmoja wenu alisaini, na mama ntilie aliyekuwa akiwapikia kwa mkopo na kulipwa na mkandarasi. Mama huyo ni shahidi mzuri kuliko shemeji yako, kwa kuwa hana deni ndani ya deni lenu.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza na ambalo mkandarasi akipata wakili litakuwa la kwanza kusemwa: "Hawa hawakuwa wafanyakazi wangu. Huyu fundi alichukua tenda, nikampa fedha, akaleta watu wake." Ninyi mlipokea kupitia simu yako wewe, kwa hiyo hoja hiyo itakuwa na mahali pa kusimama. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inawasaidia. Inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitike vinginevyo, ikiwepo hata alama moja kati ya kadhaa: kazi yake inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya shughuli za huyo mwingine, amemfanyia wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamfanyia kazi huyo mmoja tu. Mlilipwa kwa siku, foremani alipanga saa, nondo na mashine zilikuwa zake. Hapo tayari kuna zaidi ya alama moja. Elezeni wazi kwamba wewe ulikuwa njia ya kupitishia fedha tu, kiwango cha kila mtu kikijulikana, na kwamba hukubakiza faida. Onyesha jinsi ulivyowatumia wenzako kila Jumamosi kiasi kilekile.

Ingekuwa ulipatana naye kwa tani, kwa mfano bei moja ya kukata, kukunja na kufunga kila tani ya nondo, halafu wewe ndiye uliyewapangia wenzako posho, hali ingebadilika. Hapo Tume inaweza kusema si mgogoro wa ajira, na deni lako likawa la mkataba wa kawaida, ambalo hadi shilingi milioni 30 linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Tena ingewezekana wale saba wakakudai wewe. Kama ndivyo ilivyokuwa, usiifiche, mweleze anayekusaidia kabla fomu haijajazwa.

Fomu mtaipeleka ofisi ya Tume ya Dodoma, kwa sababu mgogoro ulitokea Dodoma. Msipelekwe Dar kwa kuwa kampuni ina makao huko. Kufungua hakuna ada. Si lazima wote wanane mwende kila siku: kanuni zinaruhusu mmoja asaini kwa niaba ya wenzake, mradi orodha ya majina iliyosainiwa na kila mmoja imeambatishwa. Wale watatu wa Singida wapelekewe karatasi kwa basi leo, wasaini kwa mikono yao, irudi na basi la kesho. Msiwasainie. Sahihi tatu za mkono mmoja zinaweza kutia shaka madai ya watu wote wanane. Kwenye orodha, kila jina liwe na idadi ya siku alizofanya na kiasi chake. Aliyeumwa siku mbili, andikeni siku 28. Madai yaliyotiwa chumvi kwenye sehemu moja huonekana ya chumvi kote.

Kama mlimwaga slabu hadi usiku, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya kawaida, na kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Zidaini pale tu mnapoweza kutaja tarehe na mtu aliyeona. Mtaambiwa pia mdai fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali. Sikushauri. Madai hayo yana siku 30, zimeshapita, na ulinzi huo hauwagusi waliofanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo.

Kabla Tume haijaipokea fomu, lazima muioneshe kwamba nakala imemfikia mlalamikiwa. Kipengele hiki ndicho kinachowakatisha tamaa watu wenye bosi mtoro, na bila sababu. Kampuni inafikishiwa nyaraka kwenye ofisi yake iliyosajiliwa, awepo mkurugenzi au asiwepo. Tumeni nakala kwa posta ya rejesta kwenda anwani ya BRELA na mtunze risiti. Kama kuna ndugu Dar, apeleke nyingine kwa mkono, anayepokea aandike jina, tarehe na sahihi. Akikataa, ndugu yenu aandike kwenye nakala yake saa, tarehe, mahali na sura ya aliyekataa, ikiwezekana mbele ya mtendaji wa mtaa ule ambaye atagonga muhuri. Nakala ya tatu aachiwe mlinzi wa mkandarasi pale saiti. Ya nne itumwe WhatsApp kwa kila namba mliyonayo. Milango yote ikiwa imefungwa kweli, ombeni Tume iwaruhusu njia mbadala, kama tangazo gazetini. Hiyo ina gharama, kwa hiyo iwe ya mwisho.

Kwa nini kujisumbua hivyo kwa mtu mtoro? Kwa sababu mlalamikiwa aliyefikishiwa wito na asitokee kwenye usuluhishi, msuluhishi ana mamlaka ya kuamua madai bila yeye. Kutoroka kwake kunageuka faida yenu. Lakini uamuzi wa upande mmoja una adui mmoja mkubwa: mkandarasi anayeibuka baada ya miezi mitatu na kusema "sikupata wito wowote". Akiaminika, unafutwa na mnaanza upya. Risiti ya posta na muhuri wa mtendaji ndivyo vinavyomfunga mdomo. Na ninyi pia msikose siku ya wito, kwa sababu mlalamikaji asipotokea madai yake yanaweza kufutwa.

Wakati fomu inakwenda, mwandikieni mwenye jengo barua. Yeye si mwajiri wenu, na msimtishe kana kwamba ndiye mdaiwa. Barua iwe fupi: sisi wanane tulifanya kazi ya nondo kwenye jengo lako chini ya mkandarasi fulani, kuanzia tarehe fulani hadi fulani, anatudai... hapana, tunamdai 5,100,000, tumefungua madai Tume, tunaomba ulizingatie hilo kabla ya kumlipa, na tunaomba anwani yake ya sasa. Nimeacha lile kosa makusudi, kwani "kudai" na "kudaiwa" hugeuzwa kwenye barua nyingi, na barua iliyogeuza deni husomwa kwa kicheko. Isomeni kwa sauti kabla ya kusaini. Aipokee kwa sahihi.

Barua hiyo ina nguvu kwa sababu kwenye mikataba mingi ya ujenzi mwenye jengo hubakiza fedha ya zuio, kwa kawaida asilimia 5 au 10, hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kazi kuisha, kipite, na mkandarasi hujitokeza kuifuata. Tena jengo lina slabu mbili tu, halijaisha. Mwenye jengo naye anataka mtu wake arudi saiti. Akitaka kuwalipa moja kwa moja na kukata kwenye hela za mkandarasi, kubalini, lakini ataogopa kulipa mara mbili, na hofu hiyo ni ya haki. Suluhisho ni karatasi ya pande tatu yenye sahihi ya mkandarasi. Naye mwenye jengo akisema ameshalipa kila kitu, ombeni kwa adabu tarehe. Kama alilipa wakati mkandarasi anawaambia "hela haijatoka", mmepata shahidi. (Mradi ungekuwa wa serikali, barua ingeenda kwa taasisi husika na msimamizi wa mradi. Kukamata fedha zilizo mikononi mwa serikali ni njia yenye miiba.)

Bodi ya Usajili wa Makandarasi haina mfuko wa kulipa mishahara yenu. Inaweza kupokea malalamiko na kumwajibisha mkandarasi aliyesajiliwa, na anayetegemea usajili ili aishi hapendi barua hiyo. Pelekeni nakala, muendelee na Tume. Afisa Kazi wa mkoa anaweza kukagua sehemu ya kazi na kutoa amri ya utekelezaji kwa mwajiri. Anasaidia zaidi saiti ikiwa hai na wengine bado wanafanya kazi. Polisi hawakuwadanganya: kutolipa mshahara kwa kawaida ni madai.

Na ile mashine ya zege? Mwambieni mwenzenu atulie. Mkiichukua, ninyi ndio mtakaokuwa na kesi ya jinai, na mkandarasi aliyekuwa mtoro atatokea haraka kama mlalamikaji mwenye heshima zake. Mashine nyingi za saiti ni za kukodi pia, kwa hiyo mtakuwa mmemwibia mtu wa tatu asiyewadai wala kudaiwa nanyi. Pigeni picha, mwandike namba iliyogongwa kwenye bodi yake, na mumuulize mlinzi ni ya nani. Ikiwa ni ya mkandarasi, hiyo ndiyo mali ambayo dalali wa mahakama anaweza kuja kuikamata kihalali. Na ikiondoka, atakayekuja kuichukua ana namba ya gari, na gari lina njia linakoelekea.

Usuluhishi unapangiwa siku 30 tangu madai yalipopelekwa, isipokuwa pande zote zikubaliane kuongeza. Akitokea, kwa kawaida atasema hana hela na ataomba alipe kidogo kidogo. Si lazima mkatae. Milioni tatu mkononi mwezi huu na zilizobaki kwa miezi miwili zinaweza kuwa bora kuliko tuzo, yaani uamuzi wa Tume, ya milioni tano ya mwaka kesho. Lakini malipo ya kwanza yatoke siku ya kusaini, tarehe za yaliyobaki ziandikwe, na kiwepo kifungu kwamba akikosa tarehe moja deni lote linaiva. Yasainiwe mbele ya msuluhishi, si kwenye baa. Msifute madai kwa ahadi, na asiyelipwa yote asisaini "nimelipwa stahiki zangu zote". Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, mnatoa ushahidi, na mwamuzi anatoa tuzo. Asiyeridhika ana wiki sita za kuomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Tuzo haileti fedha yenyewe. Inakaziwa, yaani inatekelezwa, Mahakama Kuu kama hukumu ya mahakama, na mahakama itawauliza mnataka kukamata nini. Ndiyo maana toka leo muwe na daftari: benki inayoonekana kwenye hundi au barua zake, namba za magari, saiti nyingine anazofanya, na hela anazomdai mwenye jengo, ambazo mahakama inaweza kuamuru zilipwe kwenu badala ya kwake. Kampuni isiyo na kitu ni hatari ya kweli, kwa sababu wakurugenzi kwa kawaida hawalipi madeni ya kampuni mifukoni mwao. Mkigundua kwamba kampuni haina akaunti yenye kitu wala gari, na mwenye jengo ameshamaliza kulipa, pimeni nauli za Singida na siku za kazi mtakazopoteza. Mkiwa wanane mnagawana gharama na inalipa. Mmoja peke yake mwenye 450,000 angehitaji kufikiri mara mbili.

Sehemu kubwa ya haya mnaweza kuifanya wenyewe. Mbele ya Tume mnaruhusiwa kuwakilishwa na wakili au chama cha wafanyakazi, na TAMICO, cha wafanyakazi wa migodi na ujenzi, ni chama kimojawapo kinachowagusa. Mtafuteni mtu wa ana kwa ana, wakili au mtoa msaada wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, mambo haya yakitokea: siku 60 zikiwa zimepita kwa deni lote, mkandarasi akikana kuwa mwajiri au akileta karatasi ya tenda yenye sahihi yako, mkipelekewa nyaraka za Mahakama Kuu, au mkifika kwenye kukazia tuzo. Huduma hizo kwa asiye na uwezo ni bure, na kiapo cha Fomu Na. 2 ni kitu cha kwanza cha kumwomba akusaidie kuandika. Nenda kwake na orodha ya majina, taarifa ya M-Pesa, picha ya bango na karatasi ya BRELA, si na hadithi peke yake, naye atakumalizia kazi ya wiki kwa asubuhi moja.